Neno Moja kwa Kila Mshono

Mara ya kwanza kuona bahari ikiwa ndani ya mashua, na mashua yenyewe ikiwa juu ya mchanga, nilikuwa mdogo nikadhani watu wazima wamekosea. Maji yalimiminwa kwa madumu kupitia ukingoni, dumu baada ya dumu, mpaka yakatulia ndani ya mbao mpya kama maji ya birika la msikitini. Niliinuliwa ili nichungulie. Humo ndani mlikuwa na mbingu, na wingu moja, na uso wangu. Nje, chini ya magogo yaliyoishikilia mashua, mchanga ulikuwa mkavu na kuku walikuwa wakichakura.

Baadaye nilielezwa, na maelezo yenyewe ni rahisi. Kwetu, kisiwani Chula, mashua mpya hupimwa kinyume. Badala ya kuipeleka kwenye maji, maji huletwa kwake. Kama pana upenyo wa maji kuingia, maji hayo hayo yatautumia kutoka, na maji yanayotoka kwenye mashua iliyo nchi kavu hayamzamishi mtu. Yanalowesha mchanga tu.

Fundi alikuwa ami yangu, ndugu mdogo wa baba. Uwanja wake wa kazi ulikuwa hatua chache kutoka nyumbani kwetu, na harufu yake, ya mbao mbichi na ya sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa vyombo, ndiyo harufu ninayoikumbuka nikikumbuka utoto. Sijui watu wengine hukumbuka nini. Mimi hukumbuka hiyo, na mlio wa nyundo ya mti, na ukimya.

Ukimya huo ulikuwa na utaratibu wake. Mashua ikishajaa, watu huacha kuzungumza. Ami huvua viatu, hukunja mkono wa shati, halafu huanza kupita nje ya mashua kwa kiganja kitupu. Pale ubao mmoja unapokutana na mwenzake yeye hupaita mshono, na kila mshono umezibwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, ikapigwa mpaka ikakaa. Huanza na mshono wa chini kabisa, akitoka nyuma kwenda mbele, polepole, macho ameyafumba nusu. Akifika mwisho bila kuhisi unyevu, hutamka neno moja kwa sauti ya kusikika: "Kavu." Watu wote huitikia, "Kavu." Ndipo anapopanda mshono wa pili.

Akihisi unyevu hasemi kitu. Halalamiki, hamlaumu mtu. Ananyamaza tu, kiganja kikiwa pale pale, na kila aliyepo anajua kwamba kazi imesimama. Hakuna kuruka kwenda mshono unaofuata na kurudi baadaye. Maji humwagwa, mshono hufunguliwa, pamba huwekwa upya, na siku nyingine watu huanza tena kuanzia chini.

Mishono yote ikiisha salama, fundi husimama mbele ya mashua akasema neno la mwisho: "Haivuji." Na aliyelisema neno hilo ndiye anayekaa sakafuni siku ya safari ya kwanza. Hakai juu na abiria. Anakaa chini kabisa, miguu mitupu, yeye na mtu mmoja wa nyumba yake. Ami alikuwa akikaa na mkewe. Mkewe alipenda kuwaambia wageni kwamba wanawake wengine huolewa na mwanamume, yeye aliolewa na sakafu.

Nilikua, nikasoma, nikahamia mjini Kismayu. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, katika ofisi ndogo ya ghorofani si mbali na bandari. Chini hupita bajaji na watu wenye haraka. Juu tuko wanne na feni moja. Programu niliyokuwa nikiishughulikia mwaka ule ilikuwa ya kuangalia joto la vyumba baridi vya kuhifadhia samaki. Kila chumba kina kipimo, kila kipimo hutuma namba, na skrini huonyesha kama samaki wako salama.

Kama hujawahi kuandika programu, usiogope. Ninalotaka kulieleza unalijua tayari, hujaliona tu likiwa limevaa nguo hizi. Programu ni maagizo yaliyopangwa moja baada ya jingine, na kompyuta huyafuata bila kufikiri. Mengine ni amri: chukua namba hii, ionyeshe pale. Mengine ni maswali: kama mlango uko wazi, piga kengele, kama umefungwa, nyamaza. Swali halijali jibu, kwa kuwa lina njia ya kuendelea kwa vyovyote vile. Lakini kuna kitu cha tatu, ambacho si amri wala swali. Mimi hukiita tamko. Unaandika: hapa natamka kwamba namba ya kipimo hiki imebadilika walau kidogo tangu saa iliyopita. Kompyuta ikifika hapo inaangalia. Ikikuta ni kweli haisemi kitu, inapita. Ikikuta si kweli, programu nzima inasimama papo hapo na kukuonyesha mstari ulioandika.

Ninaowafundisha kazi hii huuliza kila mara: kwa nini mtu aandike kitu cha kuisimamisha kazi yake mwenyewe? Ni swali zuri, na hufurahi nikiulizwa. Tamko halimhusu mgeni aliyebonyeza vibaya. Huyo unamwomba tena kwa upole. Tamko ni la fundi kwa kazi ya mikono yake. Linasema: nilipojenga hapa niliamini hivi, na mengine yote yaliyo juu yameegemea imani hii. Kama nilikosea, sitaki kosa litembee mbali na mahali lilipozaliwa.

Katika maneno ya kila siku pia tunatamka, tena zaidi ya tunavyojua. Ukiniambia "huenda nimefunga mlango", hujajifunga kwa lolote, na mimi nitaamka nikaangalie. Ukisema "mlango nimeufunga", nitageuka upande wa pili nilale. Neno lako ndilo nililolilalia. Na angalia vizuri: neno halikuufunga mlango. Kama uko wazi, uko wazi. Ulichotoa wewe ni nafsi yako, uulizwe asubuhi.

Basi mimi, niliyekuwa nikiyafundisha haya, nilikuwa mtu wa huenda. Nadhani, labda, kama sijakosea. Nilizungumza hivyo na watu, na hatimaye nikaandika hivyo pia. Programu yangu ilikuwa na matamko mengi, na mara mbili ilisimama katikati ya siku ya kazi. Mkubwa wa ofisi hakupenda. Alisema wateja hawataki kuona skrini nyeusi. Kuna swichi ya kuyazima matamko yote kwa pamoja. Kompyuta huyaruka kana kwamba hayakuandikwa. Niliibonyeza. "Waa yahay," mkubwa akasema kwa Kisomali, yaani sawa, vizuri, na kweli ilikuwa vizuri kwa majuma kadhaa. Halafu kipimo cha chumba kimoja kilikufa kikaendelea kutuma namba ile ile, saa baada ya saa, namba nzuri ya baridi. Skrini ilionyesha salama. Mlango ulipofunguliwa, harufu ilitoka kabla ya mtu kuingia. Watu waliulaumu umeme. Hakuna aliyenilaumu mimi, na hilo lilinikalia vibaya kuliko lawama. Niliomba likizo, nikapanda chombo kwenda Chula.

Nilimkuta ami akimalizia mashua. Siku hizi wengi wanataka boti za faiba, na ami alikuwa amekaa muda mrefu bila kazi, kwa hiyo mashua hii ilikuwa imemrudishia kifua mbele. Mwenyewe ni mama mmoja jirani yetu anayepeleka ng'onda, samaki waliokaushwa kwa jua, kuuza Kismayu, na alitaka chombo kitakachofika pia Darakasi kwenye kambi za wavuvi. Kila asubuhi alikuja kuitazama kama mtu anayetazama posa.

"Fundi, hii itaniweka juu ya maji?" alikuwa akiuliza.

"Hii? Hii itakudai uikumbushe kwamba chini kuna maji."

Siku ile ile niliyofika, tulipokuwa tunakunywa chai, ami alichukua birika kutoka kwenye makaa kwa kulishika tumbo, si mkono wake. Alilishika kama mtu anavyoshika kichwa cha mtoto. Mkewe alilinyakua kwa kitambaa. Ami aliangalia pembeni akaendelea na hadithi aliyokuwa akiisimulia. Alipotoka, mkewe aliniambia kwa sauti ya chini, "Ni sukari. Imemla vidole. Ukimwuliza atakwambia hiyo ndiyo ngozi ya fundi."

"Na kiganja?"

Alikuwa akipangusa birika ambalo halikuwa na vumbi.

Nilielewa, na nadhani hata wewe umeelewa. Mtu ambaye kazi yake ni kuhisi unyevu kwa kiganja alikuwa hahisi tena, na hakuna aliyejua ila yeye na mkewe, na sasa mimi. Kijiji kikijua, hatakuwa fundi. Kijiji kisipojua, watu watapanda.

Siku ya kupima ilikuwa ya jua jeupe lisilo na upepo. Majirani walikuja na madumu, wanaume kwa wanawake, wakamimina bahari ndani ya mashua kwa mzaha na vicheko, mpaka ami aliponyanyua mkono. Ukimya ukashuka. Ninauota ukimya huo hadi leo. Unasikia maji yakitafuta nafasi yao ndani ya mbao, mlio mdogo wa kujigeuza, kama mtu anayelala chumba cha pili.

Ami alianza. Mimi nilimfuata nyuma, kiganja changu kikipita pale chake kilipopita, kama nilivyokuwa nikifanya utotoni. Hakuna aliyenishangaa. Mbao zilikuwa na uvuguvugu wa jua kwa juu na ubaridi wa maji kwa ndani, na kwa muda nilisahau Kismayu, skrini, harufu, vyote. Mshono wa kwanza. "Kavu." Tukaitikia. Wa pili, kavu. Wa tatu, kavu.

Katika mshono wa nne, karibu na mbele, kiganja changu kililowa.

Haikuwa sana. Ilikuwa kama kugusa midomo ya mtoto mchanga. Niliupangusa mkono kwenye nguo, nikarudisha. Palikuwa pamelowa tena. Ami alikuwa tayari amefika mwisho.

"Kavu," alisema.

"Kavu," watu wakaitikia. Na mimi, kiganja changu kikiwa kibichi, niliisikia sauti yangu miongoni mwao: "Kavu."

Nilitembea kwenye mishono iliyobaki kama ninayeelea. Wa tano. Wa sita. Kila neno lilipanda juu ya neno la chini yake, na la nne lilikuwa humo, likibeba. Niliwaona watu wakiwa na nyuso nzuri za kuridhika. Nilimwona mama mwenye mashua akiwa ameshika mikono yake kifuani. Nilimwona mke wa ami, mkeka wa kukalia sakafuni tayari kwapani, akinitazama mimi, si mashua. Wa saba. Wa nane. Ami alikwenda mbele, akasimama, akavuta pumzi ya lile neno la mwisho.

"Ami, subiri."

Aligeuka. "Nini?"

"Mshono wa nne."

"Una nini?"

"Si mkavu."

Sikuwa nimewahi kusikia mtu akimkatiza hapo. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika dumu alicheka. "Mchu wa mjini huyo! Amekuja na bahari yake mkononi." Kwetu mtu ni mchu, na mchu wa mjini si sifa.

"Ni jasho," ami alisema. "Viganja vya kubonyeza kompyuta vina jasho."

"Nimeupangusa, ami. Ukalowa tena."

"Uliitikia kavu. Nimekusikia."

"Niliitikia."

"Sasa tukuamini wewe yupi, wa wakati ule au wa sasa?"

Watu walicheka, nami nilitamani mchanga unimeze. "Wallahi pana maji?" aliuliza mama mwenye mashua, na hakuwa akicheka.

"Achaneni na wallahi," mke wa ami alisema. "Mimi nikisikia mtu anaapa naanza kutafuta viatu vyangu. Mwanangu, tuonyeshe mahali."

Nilionyesha. Alipangusa kwa ncha ya leso mpaka ubao ukapauka, akarudi nyuma, na sote tukachuchumaa kuutazama. Ilikuwa jambo la ajabu, watu wazima wengi hivyo wakitazama ubao mmoja. Hakuna kilichotokea. Hakuna kilichotokea kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kujishuku, nikalisikia lile nadhani likipanda kooni. Kisha mshono ukang'aa kidogo, kama jicho linalotaka kulia. Tone likajikusanya polepole, likajaa, likawa na mbingu yake ndogo ndani, likaanguka. Kuku mmoja alikimbia kuangalia ni nini.

Ami alikuja akaweka kiganja chake pale pale. Alikiweka, akakikandamiza, na nikauona uso wake ukitafuta kitu na kukikosa. Kisha akakigeuza akakitazama. Kilikuwa kinang'aa kwa maji. Alikitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyelala kwake siku nyingi bila kusema anatoka wapi.

"Mwageni," alisema, akaondoka.

Alasiri nilimfuata kwenye banda la makuti anakoweka vyombo vyake vya kazi. Nilikuwa na chai. Nililishika birika mwenyewe.

"Ulijua tangu wa nne," alisema bila kunitazama.

"Nilijua."

"Ukaitikia."

"Niliona haya, ami. Watu wapo, na wewe ni baba yangu."

"Haya." Alipiga funda la chai. "Mimi nami niliona haya. Haya yako na haya yangu, na juu yake tumkalishe mama yako, mke wangu, sakafuni, hajui kuogelea."

Ndipo nilipomweleza habari za ofisi: matamko, swichi, kipimo kilichokufa huku kikisema salama. Nilimweleza taratibu kama ninavyokueleza wewe, na yeye alisikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi wa kitu kingine.

"Kwa hiyo ulikiziba kinywa cha mashine," alisema.

"Nilikiziba."

"Kisha ukaja huku kukiziba na chako."

Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Na hiyo mashine, ikisimama mbele ya watu, huona haya?"

"Haioni, ami. Inasimama tu."

"Basi ina raha." Alivikunja vidole vyake na kuvikunjua, akavitazama vikifanya hivyo. "Mimi nilipokuwa nasema kavu, sikuwa nasema uongo. Nilikuwa sihisi maji. Mtu asiyehisi maji anasema kavu. Ilinipasa kujiuliza kama ningeyahisi yangekuwepo."

Nimesoma vitabu vya kazi yangu, na sikumbuki kitabu kilicholieleza jambo hilo vizuri kuliko hivyo. Kipimo kilichokufa nacho hakikusema uongo. Kilikuwa kinasema kilichokuwa nacho.

Kesho yake aliufungua mshono wa nne. Niliogopa kwamba mkono hautaweza, lakini kuizibua na kuiziba mishono hakutaki vidole vinavyohisi, kunataka masikio, na masikio yake yalikuwa mazima. Aliipiga pamba akiwa ameinamisha kichwa, akisikiliza mlio wa nyundo ukibadilika kutoka mzito kwenda mkali, na ulipofika pale alipotaka, aliacha, ingawa mimi sikusikia tofauti yoyote. Alinifundisha kuusikia. Ilichukua asubuhi nzima, na hakuchoka na mimi.

Siku ya tatu maji yaliletwa tena. Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Habari ilikuwa imetembea. Ami alivua viatu. Alikunja mkono wa shati. Halafu, badala ya kuinama kwenye mshono wa chini, aliwageukia.

"Kabla hatujaanza," alisema, kwa sauti ile ile ya kutamkia kavu, "vidole vyangu havihisi. Nyundo naijua bado. Masikio ninayo. Lakini unyevu siuhisi, na si jambo la leo."

Watu walikuwa wamezoea kuitikia kila analolisema pale. Hili hawakujua waliitikie vipi. Yule mzee wa dumu aliangalia chini. Mke wa ami alikuwa amesimama wima sana.

"Basi nani apite?" aliuliza mama mwenye mashua. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka mashua yake.

"Huyu." Ami alininyooshea kidole. "Amenifuata nyuma tangu hajang'oa meno ya utoto."

"Ami, mimi si fundi."

"Sijakwambia ujenge. Nimekwambia useme."

Nilivua viatu. Mchanga ulikuwa wa moto. Niliweka kiganja kwenye mshono wa kwanza, nikatembea, na dunia yote ikawa upana wa mkono wangu: mbao, pamba, mafuta, uvuguvugu, ubaridi wa maji yaliyokuwa upande wa pili yakinitafuta. Nilifika mbele. "Nadhani..." nilianza.

"Usiweke maneno mengine," ami alisema kwa upole. "Ukiwa na shaka, nyamaza, tutamwaga. Usipokuwa nayo, moja tu."

Nilirudi nyuma nikaupita tena mshono wote. "Kavu," nikasema.

"Kavu," wakaitikia, na nikasikia uzito wa watu wale ukihamia juu ya neno langu, kama watu wanaopanda chombo. Wa pili. Wa tatu. Kwenye wa nne nilikaa muda ambao sikuupima. Nilipangusa kiganja, nikaupita kwa nyuma ya mkono, nikaupita kwa shavu. Hakuna aliyeniharakisha. Hata kuku walitulia. Nilijiuliza, kama maji yangekuwepo ningeyahisi? Nilichovya kidole kwenye dumu, nikagusa shavu langu, nikauhisi ubaridi wa tone. Nilirudisha shavu kwenye mshono.

"Kavu."

Mishono yote nane ilipoisha nilisimama mbele, na lile neno la mwisho likatoka dogo sana.

"Halijafika hata msikitini," mzee wa dumu alisema.

"Haivuji!"

Safari ya kwanza ilikuwa ya kwenda Kismayu, na mimi nilikuwa narudi kazini hata hivyo. Nilikaa sakafuni, miguu mitupu. Mtu wa nyumba yangu aliyekaa nami alikuwa ami. Mkewe alikaa juu na abiria na magunia ya ng'onda, mwavuli mkononi, akituinamia kila mara.

"Kumbe huku juu kuna upepo! Miaka yote hii mmenificha!"

"Nyamaza, abiria," ami alimjibu.

Injini ilinguruma, mashua ikaingia kwenye maji mazito. Ukiwa chini namna ile huoni bahari. Unaona mbingu tu, ikiyumba, na unaisikia bahari ikipita ubavuni mwako, unene wa ubao mmoja kati yenu. Nilikuwa nimeegemeza kiganja kwenye mshono wa nne kwa ndani. Nilifikiria ofisi, na mkubwa wangu, na jinsi nitakavyomweleza kwamba skrini itakuwa nyeusi baadhi ya siku, na kwamba siku hizo nitakuwa naye hapo nikiitazama. Maneno yalikuja bila labda hata moja. Niliyapanga, nikayaacha.

"Ikoje?" ami aliuliza.

"Kavu."

Baada ya muda aliuliza tena, macho amefumba. "Ikoje?"

"Kavu, ami."

Aliuliza mara nyingi, na mara zote niliangalia kabla sijajibu. Tulipokuwa katikati ya safari, visiwa vyote vikiwa nyuma na mji haujaonekana, niligundua kwamba ni muda mrefu hajauliza. Nilimtazama. Alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, kile kiganja chake kisichohisi kikiwa wazi juu ya sakafu. Mkewe alituinamia, akamwona, akanyamaza. Baadaye aliniambia kwamba katika safari zote za kwanza walizokaa chini pamoja hajawahi kumwona akifumba hata jicho moja.

Sikuuondoa mkono wangu.